Njia Yote Ilikuwa Kijani

Apple Valley, Minnesota
Jumapili, 9 Februari

Dada yangu Dativa,

Shikamoo. Nakusalimu wewe, shemeji Elkanah na wote waliokuzunguka hapo nyumbani, na kabla ya neno lolote nataka kujua hali yako. Goti linakuendeaje? Dawa za presha unameza kila siku, au bado unazikumbuka siku unayojisikia vibaya tu? Nimeambiwa shemeji ameanza kwenda tena kibanjani kwenye migomba asubuhi, nikafurahi, maana mara ya mwisho ulisema anashinda nyuma ya nyumba akitazama mibuni bila kusema na mtu. Naomba iwe kweli, isiwe kuna mtu alitaka tu kunifariji.

Sisi huku tu wazima wa mwili. Mwanangu Heri amekua, viatu vya baridi nilivyomnunulia Oktoba vimeshaanza kumbana. Kiswahili anakielewa chote, hata cha kusengenya, lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza, nami nimechoka kugombana naye. Theluji bado ipo. Sasa imekuwa ya kijivu, imerundikwa kwenye kona za maegesho, na kila nikiiona nageuza uso.

Utashangaa kupata barua ya karatasi wakati tunapigiana simu kila Jumapili. Dada, kwenye simu nimeshindwa. Nimejaribu mara nne. Nikishasikia pumzi zako, najikuta nakuuliza habari za mvua, habari za bei ya kahawa, halafu nakuaga. Barua hii yenyewe nimeiandika mara tatu na kuichana mara mbili. Nimemkabidhi Nasibu, anakuja huko na begi la vitu vya mwanao Erick, ili nikishaitoa mkononi nisiweze kuirudisha.

Siku mlipoanua matanga ulinipigia, ukaniuliza swali moja. Ulisema, waitu, ndugu yangu, nchi yenye magari mengi hivyo, mwanangu amekaa kando ya barabara tangu saa tisa mpaka saa kumi na mbili, hakuna hata mmoja aliyesimama? Nikakujibu kwamba theluji ilikuwa nzito, watu hawaoni mbele. Kisha ukasema wewe ndiye uliyemuua, kwa kopo la senene ulilompa Nasibu amletee, kwamba usingewatuma asingetoka nyumbani. Mimi nikasema usiseme hivyo dada, basi, nikanyamaza. Sasa shemeji ananiambia msimu ule wote hukuruhusu senene waingie jikoni kwako, na kwamba usiku unaongea na kopo ulilobaki nalo. Nimekuacha umebeba mzigo ambao si wako, miezi miwili na zaidi, nami najua mwenye nao ni nani. Nitakueleza kwa mpangilio, maana nikianza kurukaruka nitatafuta mahali pa kujificha.

Kwanza uelewe tunavyokwenda kazini. Nyumba ya wazee ninayofanyia kazi iko Saint Paul, nami nakaa huku kusini, ng'ambo ya mto. Mimi siendeshi gari kwenye theluji, hilo unalijua, nilikataa tangu mwaka wa kwanza nilipozunguka mara mbili kwenye makutano na kusimama nikitazama nilikotoka. Kwa hiyo nasafiri na Jeptoo, muuguzi Mkenya tuliyeanza naye kazi mwezi mmoja. Yeye anaendesha, mimi nakaa mbele na kushika simu. Hiyo ndiyo kazi yangu ndani ya gari, na niliifanya kwa maringo. Simu inaonyesha ramani, na juu ya ramani barabara zimepakwa rangi kufuatana na foleni ya dakika ile ile: kijani magari yanatembea, njano yanasuasua, nyekundu yamesimama. Mimi nasoma, namwambia Jeptoo kaa kulia, toka hapa, ongeza mwendo. Yeye huwaambia watu kazini, "Mimi na-drive tu, navigator ni Imelda, akilala tunaamkia Wisconsin."

Na mimi nilipenda kuambiwa hivyo. Unanijua tangu utoto, napenda kuwa mtu anayejua. Mwaka juzi kulikuwa na ajali darajani, nikaiona kwenye simu mapema, nikatuzungusha tukafika kazini wakati wenzetu wamekwama karibu saa nzima. Hadithi hiyo niliisimulia chumba cha chai wiki nzima, kila mara nikiongeza dakika. Lakini ukinipokonya simu, dada, sijui barabara yoyote ya mji huu kwa jina. Miaka tisa. Najua tu rangi.

Sasa kuna jambo moja la ramani hizi ambalo lazima nikueleze vizuri. Watu wanaopita barabarani ndio wanaoilisha habari. Mtu akiona ajali, au gari lililokwama kando, anabonyeza, na alama ndogo inatokea kwenye simu za wote wanaoelekea huko. Ukifika mahali penyewe simu inakuuliza: gari lililosimama, bado lipo? Chini yake kuna vitufe viwili, ndiyo na hapana. Watu wakisema ndiyo, alama inabaki. Wakisema hapana, inafutwa.

Mimi na Jeptoo tulikuwa na ujanja wetu. Siku moja nilijibu ndiyo, na papo hapo ramani ikatutoa barabara kuu ikatupitisha vichochoroni, kwenye vilima vyenye barafu, Jeptoo akaendesha huku anamwita Yesu. Tangu siku hiyo tukaamini kwamba ukiiambia simu mbele kuna tatizo, inakuhamisha njia. Basi nikawa najibu hapana kwa kila kitu. Gari lipo? Hapana. Polisi yupo? Hapana. Shimo lipo? Hapana. Tulikuwa tunacheka. Sijui kama kulikuwa na ukweli wowote ndani yake, nadhani hakukuwa. Ila sisi watu wa kuja, kitu kikitutokea mara moja tunakifanya sheria.

Erick alipofika Agosti nilimwambia shule ya baridi ataisoma kwangu. Alikuwa amepanga chumba mtaa wa Phillips na wanafunzi wenzake wawili, na kila Jumapili alikuja hapa kula. Ulilea vizuri, dada. Alikuwa akiingia anavua viatu, anaosha mikono, anauliza kuna cha kubeba. Heri alimcheka kwa Kiingereza chake cha Bukoba, naye akamcheka kwa kutojua kumenya ndizi. Nilimfundisha kuvaa nguo tatu tatu, kuweka koleo na blanketi ndani ya buti ya gari lake, kutokanyaga breki ghafla. Nilimfundisha hata kuinua waipa usiku ili zisigande kwenye kioo. Kitu kimoja sikumfundisha. Sikumwambia kwamba gari likikwama kwenye theluji, kabla ya kuliwasha ili upate joto, shuka kwanza ukafukue bomba la moshi. Likizibwa, moshi unarudi ndani, na hauna harufu wala rangi. Ni jambo lile lile la jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa, ambalo mama alituonya kila usiku wa mvua. Huku kila mtoto wa shule analijua. Mimi nalijua. Halikunijia tu.

Nasibu alipowasili na mzigo wako Novemba, aliuweka nyumbani kwake Inver Grove Heights. Erick alifurahi mno. Alinitumia ujumbe wa sauti, yeye hakuwa mtu wa kuandika, akasema mamdogo, senene wa mama wameingia Marekani bila viza. Tukapanga Alhamisi akitoka darasani awapitie kwa Nasibu kisha aje nao kwangu, tuwakaange upya na kitunguu, ale, alale hapa.

Alhamisi hiyo theluji ilianza saa nne asubuhi. Ilikuwa ya kwanza kubwa ya mwaka, na kwake yeye ilikuwa ya kwanza maishani. Saa sita mchana, nikiwa kwenye mapumziko, alinipigia. Aliniuliza, mamdogo, niende leo au niache mpaka Jumamosi? Alikuwa na wasiwasi, dada. Nilimsikia. Nikamwambia asubiri kidogo. Nikafungua ramani, nikaangalia kutoka Phillips mpaka kwa Nasibu, na kutoka kwa Nasibu mpaka hapa kwangu. Nikamwambia njia yote ni kijani, nenda tu, ila usikimbize. Akasema sawa mamdogo, wewe ndiye mwenye macho.

Kijani maana yake ni kwamba magari yanatembea. Haisemi chochote kuhusu barafu chini ya matairi. Nilikuwa najua hivyo? Nikijiuliza kwa ukweli, nilijua. Lakini nilikuwa nimeshazoea kuwa mtu anayejibu haraka. Kwa hiyo hilo la kwanza lishike: angeahirisha. Alitaka kuahirisha. Senene wako wangekaa kwa Nasibu mpaka Jumamosi na wasingeharibika. Mimi ndiye niliyemwambia nenda.

Tulitoka kazini saa tisa na nusu. Theluji ilikuwa inaanguka kwa ubavu, na Jeptoo alishika usukani kwa mikono miwili bila hata kuwasha redio. Tulishuka na barabara namba hamsini na mbili, hiyo hiyo inayopita Inver Grove Heights, ndiyo njia yetu ya kila siku. Mimi nilikuwa na simu mkononi, naitazama ramani, kwa sababu mbele kulikuwa na mahali barabara inagawanyika na kwenye theluji vibao havisomeki. Ujumbe ukaingia, ukafunika sehemu ya juu ya ramani. Niliona jina la Erick na ile alama ya sauti. Nikausukuma pembeni kwa kidole. Ndivyo nilivyokuwa nafanya kila siku. Sauti zake nilizisikiliza nyumbani nikinywa chai. Simu yangu imeandika saa ulipoingia, saa tisa na dakika arobaini na moja.

Tuliendelea kwa mwendo wa kutambaa. Ilikuwa saa kumi imepita dakika chache nilipoona alama kwenye ramani, gari limesimama kando. Na tulipolikaribia, dada, nililiona. Nilikwambia theluji ilikuwa nzito watu hawaoni mbele. Mimi niliona. Lilikuwa limetelemka mtaroni upande wa kulia, pua imelala chini, na limefunikwa likawa jeupe lote, sikuweza kujua ni gari gani. Lakini taa za hazadi zilikuwa zinawaka na kuzima. Jeptoo naye aliona. Akapunguza mwendo, akaniuliza, "Kuna mtu ndani? Ama tu-call Duncan akuje?" Duncan ni mumewe, ana pikapu yenye mnyororo, na siku za theluji baada ya kazi huzunguka akiwatoa watu mitaroni, hataki hata ahsante, anasema ndiyo zaka yake.

Wakati Jeptoo ananiuliza, simu nayo ikaniuliza. Gari lililosimama, bado lipo? Swali likakaa juu ya ile sehemu ya ramani niliyokuwa naihitaji. Nilikuwa nimechoka, miguu inaniuma, nawaza kufika kabla ya Erick nikakate kitunguu. Nikamwambia Jeptoo huyo ameshaondoka, huku watu wakikwama wanaacha gari na taa zake wanachukuliwa na jamaa zao, twende, ukisimama hapa na sisi tutateleza. Nikabonyeza hapana. Ramani ikabaki safi. Jeptoo akaongeza mwendo.

Lilikuwa gari la Erick. Alikuwa ndani, hai. Daktari aliyempima alikadiria hivyo, kwamba kwa saa ile alikuwa bado hai na pengine alikuwa anasikia usingizi tu.

Nilifika nyumbani saa kumi na moja kasoro. Sikushangaa kutomkuta, nilijua yuko polepole njiani. Niliweka birika, na nikiwa bado nimevaa koti nikabonyeza sauti yake. Yaliyomo nitakuandikia mwisho, kwa sababu nikiyaandika hapa sitaweza kuendelea. Nilipomaliza kuisikiliza nilimpigia. Simu iliita. Nilipiga mara kumi na moja, na zote iliita. Nikampigia Jeptoo, nikamwambia lile gari ni la Erick.  Nikasikia anamwita Duncan kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo. Duncan, aliyekuwa amerudi nyumbani muda huo, akaita polisi na yeye mwenyewe akatoka tena. Polisi walimfikia saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Greda la theluji lilikuwa limepita baada ya sisi kupita na kabla ya wao kufika, likasukumia theluji yote ya barabarani nyuma ya gari, bomba la moshi likafukiwa kabisa. Injini ilikuwa bado inanguruma, na ndani kulikuwa na joto.

Hayo ya greda na moshi uliyasikia, Gwakisa alikueleza alipousindikiza mwili kwa niaba ya jumuiya yetu. Ambalo hakukueleza ni la Duncan, kwa sababu yeye mwenyewe hakulielewa maana yake. Siku ya tatu ya msiba, hapa sebuleni kwangu, watu wamejaa mpaka kwenye ngazi, Duncan alisimama kutoa pole. Akaanza kulia, mwanaume mzima. Alisema jioni ile alikuwa ameshatoka na pikapu, ameona kwenye simu alama ya gari limekwama, akaelekea huko. "Nilikuwa two exits tu nyuma yake," alisema. "Mara ile alert ikatoka kwa map. Nikajua basi, polisi wa highway, trooper, ameshamtoa. Nikageuza, nikaenda kusaidia mwingine." Akasema Mungu amsamehe kwa kugeuza. Watu wakamshika mabega, wakamwambia hana kosa, angejuaje.

Jeptoo alikuwa anamimina chai. Aliinua macho akanitazama mara moja, kisha akarudi kwenye vikombe. Baadaye alinifuata jikoni, akafunga mlango. Aliniambia, "Imelda, hii ni yako ya kusema. Mimi siwezi kukusemea, na Duncan sitamwambia. Lakini usiache mama ya kijana akae bila kujua."  Nikamjibu nitasema, nikapeleka sahani sebuleni.

Huenda kuna wengine walibonyeza hapana siku ile. Huenda alama ingefutwa hata bila mimi. Nimejiambia hivyo kila namna, asubuhi na jioni, na haisaidii, kwa sababu wengine siwajui, kidole changu nakijua. Na kama nisingebonyeza chochote, kama ningemjibu Jeptoo ndiyo, mpigie, Duncan angekuwa pale kwa dakika kumi. Au tungesimama sisi. Ningeshuka, ningegonga kioo, na angefungua.

Uliniuliza pia kwa nini sikuja kumzika. Nilisema karatasi zangu haziruhusu kutoka. Huo ulikuwa uongo, dada. Karatasi zangu ziko sawa tangu mwaka juzi na ruhusa kazini nilipewa bila hata kuomba. Niliogopa kusimama mbele yako kwenye lile shimo kibanjani, ukanishika, ukanililia begani mwangu kama mtu aliyefiwa pamoja nawe. Nisingevumilia, na nisingekuwa na ujasiri wa kukuambia uniache.

Jeptoo hapiti tena hapa. Hatukugombana, alisema zamu zake zimebadilika, nami nikasema sawa. Sasa napanda basi, mabasi mawili, napoteza karibu saa mbili, na simu naiweka chini kabisa ya mkoba. Jana Heri aliniuliza mbona sishiki tena ramani.  Makanisani hapa wananiombea, wanasema nimempoteza mtoto wangu, niwe na nguvu. Wananiletea chakula. Nakipokea na kukitupa. Nilikwenda kwa padri, akaniambia Mungu husamehe, na labda husamehe, lakini sina haja na Mungu dada, nina haja na wewe, na najua kwamba ombi hilo siwezi kuliomba. Sikuombi unisamehe. Nakuomba tu utue ule mzigo. Hukumtumia kifo kwenye kopo. Ulimtumia mwanao chakula alichokipenda, akakifuata akiwa na furaha, na yule aliyesema nenda ni mimi, na yule aliyepita ni mimi.

Ulimuuliza Gwakisa, ukamuuliza Nasibu, ukaniuliza na mimi, kama kuna mtu alisema naye mwisho, kama aliacha neno lolote. Wote tulisema hapana. Wao walisema kweli. Hili hapa neno lake, nimeliandika kama alivyolisema, sikupunguza kitu:

"Mamdogo, shikamoo. Nimeteleza kidogo hapa njiani, niko mtaroni, ila sijaumia, usiogope wala usimwambie mama. Nimewapigia watu wa kuvuta magari, wamesema masaa matatu, wamelemewa. Lakini najua nyinyi mnapita hapa saa kumi, kwa hiyo nimeona nisihangaike, nawasubiri. Nimewasha hita, kuna joto hasa. Senene nimewafunga mkanda, wako salama. Nimewasha hazadi, mtaniona tu."

Nimemaliza. Msalimie shemeji Elkanah. Barua hii umsomee au usimsomee, uamuzi ni wako. Wasalimie majirani wote waliochimba na kupika siku ile mimi sikuwepo. Kama jina langu halitatajwa tena hapo nyumbani nitaelewa, na Jumapili sitapiga simu mpaka wewe upige.

Hiyo sauti yenyewe nimempa Nasibu kwenye simu yake. Ni sekunde ishirini na tisa. Hataifungua mpaka wewe umwambie. Ukiamua kuisikiliza, dada, usiisikilize ukiwa peke yako. Mwambie mtu akae karibu nawe.

Mdogo wako,
Imelda